Shamba Lililokua kwa Kusimuliwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka arobaini na moja kasoro siku tisa tangu nitoke kwetu. Mimi huhesabu kila mwaka mvua zinapokaribia, kwa sababu niliondoka wakati wa kupanda, na mtu aliyeondoka na udongo kwenye kucha hasahau tarehe.

Wingu limetanda tangu asubuhi lakini halijaamua. Nimeondoa vitabu mezani, nikamwaga mbegu za debe, nikachagua moja moja: zilizotobolewa na fukusi kushoto, nzima kulia. Chumba changu kina kitanda, meza, rafu tatu, dirisha moja, na viti viwili. Cha pili hukaliwa na koti.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya dakika ishirini, saa nane mchana. Udongo umelowa hadi kiungo cha kwanza cha kidole. Haitoshi.

Ijumaa, 7 Machi

Kidole kizima. Kesho tunaanza.

Jumamosi, 8 Machi

Tunapanda kwa zamu, sisi wanne, kwa huyu leo, kwa yule keshokutwa. Ngamia, aliyepewa jina hilo na shingo yake, hutangulia na kamba na kuivuta kati ya vigingi viwili. Fundi, anayetengeneza baiskeli miezi isiyo na mvua, hufuata akipiga shimo moja kila kamba inapotiwa alama. Nyuma yake Mkunga, aliyestaafu baada ya kuzalisha nusu ya watu wa hapa, huangusha mbegu mbili mbili. Mimi huja mwisho, nafukia kwa mguu. Ni kazi ya mzee, na ya mtu anayeitwa Mgeni. Jina hilo nilipewa siku ya kwanza, na hakuna aliyepata sababu ya kulibadilisha.

Sheria ya mstari niliikuta. Kila mstari una msemaji mmoja. Anaanza uongo wake kwenye kigingi cha kwanza na lazima aumalize kwenye cha pili. Uwe uongo wa jambo aliloliona kwa macho yake. Wengine wana ruhusa ya kuuliza, naye hujibu bila kusita. Anayecheka kabla ya kigingi anatekea wote maji. Msimu ukiisha tunamchagua mwongo bora, na shamba lake ndilo hupandwa kwanza mwaka unaofuata, mvua ikiwa bado mbichi. Langu halijawahi kuwa la kwanza. Mimi ni mwongo wa wastani.

Leo tulikuwa kwa Fundi, maana mwaka jana alishinda.

"Mwaka ule wa mafuriko," alianza, jembe likiwa hewani, "nilipata mbegu zenye haraka. Naangusha moja shimoni, kabla sijavuta mkono nasikia, 'Pisha hapo!' Nikaruka. Mmea ukapanda na kofia yangu."

"Pole," alisema Mkunga. "Mbona leo una kofia?"

"Hii ni ya mavuno, mama. Ile ilizaa nne. Tatu nimegawa."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Iko hukohuko juu. Mwewe ametagia."

Mkunga alijifanya anahesabu mbegu. Ngamia alibana midomo mpaka machozi yakamtoka, kisha akapasuka hatua mbili kabla ya kigingi. Akaenda na ndoo akitukana mwewe.

Saa kumi kila mtu alishika njia yake. Kwa mbali nilimsikia Fundi akimrudia mkewe habari ileile, na mkewe akimwambia aache upuuzi, huku anacheka. Mimi nilinawa miguu, nikachemsha viazi. Nilipokumbuka mwewe nikacheka peke yangu, na sauti ikanishtua ilivyokuwa kubwa humu chumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa Mkunga. Mstari wa nne ulikuwa wangu, nami nikatoa kile ninachotoa kila mwaka: shamba la baba yangu.

"Lilikuwa refu," nilisema nikifukia, "kiasi kwamba aliyeanza mstari akipanda alirudi akivuna."

"Katikati mlilala wapi?" aliuliza Fundi.

"Kilikuwapo kibanda. Babu alizaliwa humo, wazazi wake wakielekea kigingi cha pili."

"Endelea, mzee wangu."

"Kwenye kona ya mashariki ulisimama mkuyu. Kivuli chake kilifika kwa jirani kila asubuhi kabla ya saa tatu. Jirani akaona kivuli kimelala bure, akaanza kukilima."

"Akavuna nini?"

"Giza. Magunia mawili. Aliyafungua nyumbani kwake saa sita mchana, watoto wakalala."

Fundi ndiye aliyeteka maji leo. Mkunga hakucheka. Alisema tu, bila kugeuka, "Mwaka juzi yalikuwa magunia matatu." Ana kumbukumbu mbaya sana mama huyu, mbaya kwetu sisi waongo.

Jumatano, 12 Machi

Miaka arobaini na moja kamili. Mvua kutwa. Hatukupanda.

Alhamisi, 13 Machi

Mpwa wangu alipiga simu asubuhi. Ni mtoto wa mdogo wangu wa kike, mtu mzima mwenye watoto watatu ambao sijawaona, kama ambavyo sijamwona yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila halali. Jirani wa juu ameingia shambani. Kila msimu alikuwa anasogea mstari mmoja, sasa amesogea kweli kweli. Ukimuuliza juu ya mpaka anakuambia, 'Nionyeshe.' Mama alikuwa msichana, babu hakumwonyesha mipaka. Alikuonyesha wewe."

"Na mawe?"

"Mawe gani, mjomba? Hakuna mawe. Baraza linakaa tarehe nane mwezi ujao. Wanasema mtu wa mwisho anayejua mipaka ni wewe. Useme kwa mdomo wako. Ukishindwa, basi jirani anabaki alipofika, na alipofika ni mlangoni. Mama atabaki na uwanja wa kuanikia nguo."

Nilimwambia nitaandika kila kitu, asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na hakika. Ningeweza kuitembea mipaka ile nimefumba macho.

Naandika hapa yaliyopata kutokea, kwa ufupi, kwa kuwa sijawahi kuyaandika. Nilikuwa mwalimu. Orodha za majina ya watu wa kukamatwa zilianza na walimu. Asubuhi ile tulikuwa tunapanda, mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi thelathini na mmoja. Mtu alipita njiani akaniambia wanakuja, bila hata kusimama. Nilimpa mdogo wangu kopo la mbegu, nikamwambia nitarudi kabla ya palizi. Alimaliza mstari wangu. Aliniambia baadaye, miaka kumi na mitano baadaye, vita vilipokwisha na simu zikafika. Tangu hapo ni miaka ishirini na sita. Kila tukiongea huniuliza, "Kaka, unakuja lini?" Nami hujibu, "Mwakani, Mungu akipenda." Hakuna kinachonizuia. Ni mabasi mawili na siku moja na nusu ya njia.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa Mkunga tena, tumemaliza. Ngamia alisema aliegemeza jembe usiku mmoja shambani, mpini ukaota mizizi, na tangu hapo kila akiinua jembe shamba zima linainuka. Fundi akamuuliza hulimaje. "Nakaa chini, shamba linanilima mimi." Nilicheka pamoja nao, lakini kichwani nilikuwa natembea kwetu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeiandika mipaka. Karatasi nzima, kwa mwandiko wa ubaoni. Upande wa juu, upande wa mfereji, upande wa chini, kona ya mashariki yenye mkuyu. Nilimpigia mdogo wangu mwenyewe saa tisa alasiri, nimsomee kabla sijamtumia mpwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho wa upande wa kwanza.

"Kaka," alisema, "mkuyu upi?"

"Wa kona ya mashariki."

"Hakuna mkuyu."

"Umekatwa?"

"Haukuwahi kuwapo. Mimi nimekaa hapa miaka sitini. Kona ile ni vichaka na njia ya kisimani."

Niliitazama karatasi. Akadhani simu imekatika, akaita, "Kaka? Kaka?" Nikamwambia nitampigia tena.

Mkuyu ule nimeuona. Naweza kuchora gome lake. Naweza kueleza tulivyokalia mizizi yake, mimi na baba, tukimenya viazi. Kisha, taratibu, nikakumbuka: ni msimu wa tano au wa sita wa hapa. Fundi alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo, nami nilitaka kitu kikubwa. Mkuyu nilioupanda kwenye shamba la baba yangu ni ule wa nyuma ya zahanati ya hapa, uliokatwa wakijenga choo.

Nikarudi kwenye karatasi. Ule mfereji, ulikuwa na maji mwaka mzima, au niliutia maji ili samaki wa uongo wangu mmoja waweze kuja kuomba mbegu? Upande wa juu ulikuwa na mawe mangapi? Nimewahi kusema mia. Nimewahi kusema kwamba yalihesabiwa kila asubuhi na idadi haikuwahi kulingana, kwa sababu usiku yalikwenda kunywa maji. Watu waliumia mbavu kwa kicheko mwaka ule. Sasa kila nikijaribu kuyaona mawe, yananyanyuka na kwenda mferejini.

Nimesoma vitabu vingi vinavyosema kumbukumbu ni mali ya mkimbizi. Walioviandika hawakuwa na zamu ya kusema kwenye mstari. Nimechota kwenye mali ile kila msimu, kidogo kidogo, ili watu watatu wasinione mgeni kwa urefu wa mstari mmoja. Na wananicheka vizuri, siwalaumu. Lakini mdogo wangu anaomba shamba, na nilichobaki nacho ni kichekesho.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika karatasi ya pili, nikaichana. Ya tatu pia.

Kwa Ngamia. Zamu yangu ilipofika nilifukia mstari mzima kimya.

"Mgeni, leo umemeza ulimi?" aliuliza Ngamia. "Au lile shamba lenu limeuzwa?"

"Mwache," alisema Fundi, "ananyamaza uongo. Tukifika kigingini tutasikia mlipuko."

Tulifika kigingini. Hakukuwa na mlipuko. Walitazamana, Ngamia akahamisha kamba.

Jumamosi, 22 Machi

Bado kwa Ngamia. Mstari wa pili ulikuwa wa Mkunga.

"Nilimzalisha mama mmoja," alisema, na mbegu zikidondoka mbili, mbili, "mwaka mvua zilipochelewa. Mtoto akatoa kichwa, akanitazama, akauliza: 'Mvua imeanza?' Nikamwambia bado, mwanangu. Akarudi ndani."

"Uongo," alisema Ngamia.

"Ndiyo kazi tuliyonayo hapa. Uliza swali."

"Alikaa ndani mpaka lini?"

"Mpaka palizi imeisha. Alipojua majembe yamewekwa akatoka, ameshaota ndevu. Alitanguliza shingo. Shingo ilitoka asubuhi, mabega yakafika jioni."

Fundi alitupa jembe, akakaa chini. Hata mimi nilicheka, na tulikuwa bado hatua kumi. Ngamia alisimama na kamba yake, shingo yote imetoka mishipa kwa kujizuia, akasema, "Mama, nikuheshimu umri wako," na hapo akashindwa. Tukaenda kuteka maji watatu, Mkunga akabaki ameketi juu ya gunia kama malkia.

Niliporudi na ndoo, wale wawili wakiwa bado kisimani wanamwagiana, aliniambia, "Kaa. Una nini?"

Nikamweleza. Simu, jirani, baraza, mkuyu. Sijawahi kumweleza mtu wa hapa jambo lisilo na mzaha. Alinisikiliza huku anang'oa nyasi.

"Mkuyu uliuleta mwaka nilipovunjika mkono," alisema. "Samaki walifuata. Kibanda cha babu yako kimekuja juzijuzi tu."

"Unakumbuka yote hayo?"

"Nakumbuka na ule wa kwanza."

"Wa kwanza upi?"

"Mwaka ulipofika. Umekuja na viatu vya shule, tukakuweka nyuma ufukie. Zamu ikafika kwako, hakuna aliyekueleza sheria. Ukaambiwa sema. Ukasema."

"Nilisema nini?"

Akaacha nyasi. Akasema kwa sauti ya mtu anayesoma, bila kunitazama: "Upande wa juu mawe saba. Baba yako aliyapanga mwenyewe. La saba, la kuelekea mfereji, lina ufa kama wa kisigino. Mfereji ni mkavu, una maji wiki mbili tu kwa mwaka. Chini ni mkonge, mstari mmoja. Mashariki ni njia ya kisimani, hatua arobaini kutoka kizingiti cha nyumba. Shamba lenyewe hatua mia na ishirini kwa themanini. Ndiyo hayo. Ulimaliza kabla hata ya nusu ya mstari, tukatembea kimya mpaka kigingini. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata ulikuja umejifunza kudanganya."

"Miaka arobaini na moja, mama. Unawezaje?"

"Mimi nimesikiliza kwa kazi. Mwanamke akiwa kwenye uchungu husema mengi. La kweli hulisema mapema, tena mara moja. Usipolishika hapo hulipati tena, maana baadaye anasema chochote ili upite." Akasimama, akapangusa sketi. "Na wewe acha kuniita mama. Tumepishana miaka mitatu."

Mia na ishirini kwa themanini. Jioni nimetoka nje nikapima kwa hatua kando ya barabara. Ni dogo. Linaisha kabla mtu hajaanza kuchoka. Nilisimama mwisho wake karibu na nguzo ya umeme, nikajiona nimepungukiwa, kama aliyerudishiwa kitu chake mwenyewe akakitazama na kuuliza kingine kiko wapi.

Jumapili, 23 Machi

Nilimsomea mdogo wangu. Aliponisikia nikitaja ufa alinikatiza.

"Kama kisigino," alisema. "Kaka, nililikalia jiwe hilo nikisuka nywele. Nilisahau kabisa. Jirani amelifukia."

"Mwambie mpwa achimbe, hatua themanini kutoka mkonge."

"Umekumbuka," alisema. "Nilijua utakumbuka." Sikumwambia nimekumbushwa na nani.

Jumanne, 25 Machi

Jiwe limepatikana. Mpwa alipiga akihema, nikasikia na watu wengine nyuma yake wakipiga kelele. Yalipatikana manne kati ya saba, na la ufa ni mojawapo. Jirani mwenyewe alikuja kutazama, akasema mawe yako kila mahali duniani, lakini alisema polepole.

Kisha mpwa akasogea pembeni. "Kuna jambo jingine, mjomba. Shamba liliandikwa kwa watoto wawili. Mwenyekiti wa baraza anasema nusu yako haijasimamiwa na mtu miaka arobaini. Jirani anadai ameitunza yeye. Watakuuliza kama unarudi. Ukisema ndiyo, nusu inabaki na jina lako, jirani anaendelea kuilima mpaka ufike. Ukisema hapana, ukamwachia mama mbele ya mashahidi, jirani anatoka, shamba lote linakuwa la mama. Swali ni moja tu."

Ni swali moja tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu huwa hapigi, hungoja nipige mimi. Leo alipiga.

"Mtoto amekueleza?"

"Amenieleza."

"Sema unarudi."

"Ukikosa nusu utakula nini? Nusu iliyobaki ina mfereji na vichaka."

"Nimekula humo miaka yote hii. Sema unarudi, kaka. Jirani alime tu, mradi tujue nusu ile ina mwenyewe na mwenyewe yuko njiani. Mimi nikiulizwa na watu nawaambia, kaka yangu yuko njiani. Usinifanye niwaambie kitu kingine."

Nilimwambia nitafikiri. Akasema, "Hakuna cha kufikiri. Ni neno moja, na umelisema kila mwaka."

Nimekaa nikitazama koti kwenye kiti. Nimejaribu kujiona nimeshuka basi la pili. Naona hatua mia na ishirini. Namwona mwanamke wa miaka sitini ambaye sitamjua mpaka aseme. Namwona mzee anayetembea na mpwa wake akionyeshwa nyumba za watu, akisema "Aa, ndiyo" kwa kila moja, na jioni watu wote wakienda makwao naye anapelekwa chumba cha wageni. Hapa naitwa Mgeni na kila mtu ananijua. Kule ningeitwa kwa jina langu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua zinapungua. Tumemaliza kwa Ngamia. Limebaki langu.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikulala vizuri. Sijaandika kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Tulianza kwangu saa moja. Udongo umeshaanza kukaza, Fundi alikuwa akipiga kila shimo mara mbili na kulalamika kwamba ninapanda mawe. Nilikuwa nimewaeleza kwamba simu itakuja saa nne, na kwamba simu shambani kwangu hushika juu ya kichuguu tu. Saa nne kasoro nilipanda kichuguu. Mtandao ukawa unakuja na kupotea.

"Leta hapa, mzee," alisema Ngamia. Akapanda kando yangu, akainua simu mkono juu, sauti imefunguliwa. "Tangu nizaliwe watu wananicheka. Leo urefu umepata kazi."

Simu ikaita. Mpwa, kisha kelele za viti, kisha sauti ya mwanamume mzima aliyezoea kusikilizwa.

"Mzee, unatusikia?"

"Nawasikia."

"Hapa ni baraza. Dada yako yupo, jirani yupo, mashahidi wapo. Tuambie mipaka."

Nikaisema. Mawe saba, la saba lina ufa. Mfereji mkavu. Mkonge mstari mmoja. Njia ya kisimani, hatua arobaini kutoka kizingiti. Mia na ishirini kwa themanini. Nilisema bila kuongeza, na ilikuwa fupi sana. Chini yangu Mkunga alikuwa amesimama na bakuli la mbegu, akiitikia kwa kichwa kwa kila upande, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akikariri.

Mwenyekiti aliuliza jirani kama ana neno. Jirani alisema jambo ambalo sikulisikia. Watu wakacheka kule. Kisha mwenyekiti akarudi.

"Mipaka imekubalika. Sasa mzee, nusu yako. Je, unarudi?"

Nilisikia mtu akikohoa karibu na simu yao. Nilijua ni nani. Hata baada ya miaka yote hii mtu hakohoi tofauti.

Naandika hapa kila kitu kama kilivyokuwa. Nilikuwa na neno moja mdomoni, lile la kila mwaka, limelainika kwa matumizi. Lingetoka lenyewe. Nilimtazama Fundi na jembe lake. Walikuwa wamenyamaza wote watatu kama watu wanaosikiliza mstari.

"Hapana," nilisema. "Sirudi."

"Rudia, mzee, kwa ajili ya mwandishi."

"Sirudi. Nusu yangu namwachia mdogo wangu, yote."

"Kuna sababu?"

"Vita vilikwisha miaka ishirini na sita iliyopita, mwenyekiti. Mtu wa kurudi angekuwa amefika."

Halafu kiti kikasogezwa kwa nguvu, na nikasikia mwanamke akisema, si kwa simu, kwa watu: "Nipisheni." Mpwa alisema, "Mama, mama, subiri," na sauti zao zikaenda mbali. Mwenyekiti alitangaza kwamba shamba lote ni la dada yangu kuanzia leo, na jirani aondoke kabla ya Ijumaa. Akanishukuru. Simu ikakatika.

Ngamia alishusha mkono polepole, ukiwa umekufa ganzi.

"Mashimo yanakauka," alisema Mkunga hatimaye.

Tukashuka. Ngamia akavuta kamba, Fundi akapiga, Mkunga akaangusha, nami nikafukia. Zamu ilikuwa ya Fundi, lakini alikwenda mstari mzima bila kusema, na uliofuata pia. Kwenye mstari wa tatu alianza, kwa sauti ya chini, habari ya baiskeli iliyoogopa mteremko, na tulimuuliza maswali, na alijibu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia mdogo wangu mara tatu. Inaita.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpwa amenitumia ujumbe. Jirani ameondoka. Wamepanda shamba lote jana, kuanzia mawe hadi mkonge, mama akiwa ameshika kopo la mbegu mwenyewe na hataki msaada. Nikampigia, nikamuuliza kama mama yake amesema lolote juu yangu. Mpwa akajibu: "Watu wakimuuliza anawaambia kaka yake amekaa huko alikokaa. Basi. Mpe muda, mjomba."

Nimemwambia nampa muda. Nina miaka sabini na miwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua nyepesi asubuhi. Mimea ya kwa Fundi imeshafika magotini, ya kwangu haijatoka. Walikaa kwa Mkunga kuchagua mwongo wa msimu, wakaniita, sikwenda. Wamemchagua Mkunga kwa ajili ya yule mtoto.

Neno lile nimelisema kwa watu nisiowaona, juu ya kichuguu, kwa simu ya kuinuliwa. Humu sijaliandika kwa mkono wangu, isipokuwa kama habari ya kile nilichosema. Naliandika sasa, mchana, dirisha likiwa wazi, nikiwa na akili zangu zote. Shamba ni la mdogo wangu. Ni dogo na linamtosha. Mimi sitarudi.